Mabuti ya matanga kwenye boti la Kivu: ngozi ilisingiziwa, mshono ndio uliovuja

Mabuti yaliyoletwa kwa fundi hapa Goma yalikuwa ya ngozi ya kahawia, marefu sm 35 kutoka kisigino hadi mdomoni, namba 43, ya aina inayotengenezwa Ulaya kwa watu wa mashua za matanga. Soli ni ya mpira laini wenye mikato myembamba, hakuna zipu wala chuma, ndani kuna soksi ya utando usiopitisha maji, na mdomoni kuna kamba ya kukazia. Yalinunuliwa mitumba katika Soko la Virunga. Mwenyewe ni baharia wa sitaha kwenye boti la mizigo linalovuka Ziwa Kivu kwenda Bukavu kupitia kisiwa cha Idjwi, mtu wa kushika kamba na kurukia gatini, na safari zake nyingi ni za usiku.

Malalamiko yalikuwa mawili. Mguu wa kushoto unalowa kila safari. Wa kulia unalowa siku nyingine, siku nyingine haulowi. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba ngozi imekufa, na alichotaka ni mabuti yapakwe kole, yaani gundi, yote, juu hadi chini, maji yakose njia. Fundi alikataa. Kole iliyopakwa juu ya ngozi hupasuka pale mguu unapokunja, maji yanaingia chini yake na hayatoki tena, na siku ya kubandika kiraka cha kweli itabidi kwanza ikwanguliwe yote pamoja na uso wa ngozi. Kabla ya kupaka chochote ilibidi ijulikane maji yanapita wapi.

Ngozi yenyewe

Ngozi iliyokufa ina dalili zake. Ukiikunja juu ya kidole, uso unapasuka nyufa ndogondogo hadi nyuzi za ndani zionekane. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga. Ukiidondoshea maji, tone linazama papo hapo na kuacha doa jeusi. Katika mabuti haya ngozi ya shingoni ilikunjika bila ufa wowote, na tone la maji lilikaa juu yake dakika 2 bila kuzama. Mbele, pale kiatu kinapokunjika mtu anapotembea, tone lilizama kwa sekunde kama 20. Mafuta ya ngozi yamepungua sehemu hiyo, hayajaisha. Hiyo si ngozi ya kutupa.

Isitoshe, katika buti la aina hii si ngozi inayozuia maji. Ngozi inabeba mikwaruzo na kupunguza maji yanayofika ndani, basi. Kizuizi ni ule utando ulioshonwa kama soksi kati ya ngozi na kitambaa cha ndani. Unaojulikana zaidi, Gore-Tex, umetokana na kazi ya Mmarekani Robert Gore, ambaye mwaka 1969 aligundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla inakuwa na vitundu vidogo mno: mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Mishono ya soksi hiyo hufunikwa kiwandani kwa utepe unaobandikwa kwa joto. Kwa hiyo ngozi inaweza kulowa chapachapa na mguu ukabaki mkavu. Na ngozi inaweza kuwa nzima kabisa na mguu ukalowa kwa tundu moja la sindano.

Buti la kushoto lilikuwa na matundu 84.

Soli yake iliwahi kufunguka mbele, na fundi wa kwanza alifanya linalofanywa kwa kiatu chochote kinachofunguka mjini hapa: msharasi, uzi wa nailoni, mshono kuzunguka soli nzima kutoka nje hadi ndani. Kwa kiatu cha shule au raba hiyo ni kazi nzuri, na mara nyingi inaishi kuliko gundi. Kwa buti lenye utando ni balaa. Mzingo wa soli ya namba 43 ni kama mm 680. Ukishona kila baada ya mm 8 unapata matundu zaidi ya 80, na yote yako chini ya sm 2 kutoka sakafuni, mahali penyewe maji ya sitaha yanaposimama. Uzi nao hauzibi tundu lake. Ukiwa wa nyuzi zilizosokotwa, unavuta maji kuingia ndani kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta.

Hapo mtu angeweza kusema kesi imekwisha. Lakini mshono huo haukueleza mguu wa kulia, ambao soli yake haikuguswa na mtu.

Kipimo cha karai

Wengi hujaza maji ndani ya buti na kuangalia yanatokea wapi. Kwa buti la mpira inafaa. Kwa buti lenye soksi ya utando inadanganya: maji yakipita tundu la utando kisiginoni huteleza kati ya utando na ngozi, yakatokea kwenye mshono wa mbele, na fundi akaziba mbele. Halafu yanabaki humo katikati siku nyingi bila kukauka.

Kipimo kinachosema kweli kinaanzia nje. Buti likauke kwanza kabisa. Toa soli ya ndani. Weka vipande vya karatasi ya chooni sehemu tano: vidoleni, kwenye mkunjo wa mbele, kwenye tao la wayo, kisiginoni, na nyuma juu ya kisigino. Tia ndani chupa ya mchanga ili buti lisielee, kisha lisimamishe kwenye karai lenye alama za kalamu: sm 2, 4, 8 na 12. Maji yafike alama ya kwanza, subiri dakika 10, angalia karatasi, ndipo upande alama inayofuata. Ukimaliza, rudia yote huku ukilikunja buti kwa mkono mara 30 hivi katika kila alama, kwa sababu kuna tundu ambalo hufunguka ngozi inapokunjika tu.

La kushoto halikufika mbali. Kwenye sm 2, karatasi ya tao la wayo ililowa ndani ya dakika 4, ya kisiginoni ikafuata. La kulia lilikaa kavu hadi sm 12 lilipoachwa tuli. Lilipokunjwa, karatasi ya mkunjo wa mbele ilipata unyevu kwenye alama ya sm 8, doa dogo tu. Doa hilo lisingeweza kulowesha soksi nzima kama baharia alivyodai, kwa hiyo aliombwa ayavae mabuti mbele ya fundi kama anavyoyavaa kazini. Akayavaa, kisha akachomeka suruali yake ya mvua ndani ya mabuti.

Hiyo ndiyo siri ya siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Suruali ya mvua ikiwa ndani, maji yote yanayopiga paja na goti yanateremka moja kwa moja hadi wayoni. Ziwa likitulia hakuna kitu; likichafuka upande wake, buti linajaa kutoka juu. Suruali inapaswa kuwa nje ya buti, mdomo wake ukazwe kwa utepe wake chini ya nusu ya shingo ya buti, na kamba ya mdomo wa buti ivutwe kiasi cha kidole kimoja kupita. Marekebisho haya hayakugharimu kitu na ndiyo yaliyomaliza sehemu kubwa ya lalamiko la pili.

Kuna jambo lingine la kutenganisha na uvujaji, nalo ni jasho. Unyevu wa jasho umesambaa sawasawa chini ya vidole na wayo, una joto, na hauna mpaka. Maji ya kuvuja yana mahali pa kuanzia na ukingo unaoonekana kwenye soksi. Mtu anayevaa soksi nyembamba ya pamba ndani ya buti la utando atalalamika kila siku hata buti likiwa jipya, maana pamba inashika maji na kuyakalia. Soksi ya sufu, au ya sufu iliyochanganywa na nailoni, ndiyo inayofaa kwa kazi hii.

Namba 43 kwa mguu wa 41

Sasa chanzo. Namba za Ulaya ya bara zinahesabiwa kwa pointi ya Paris, yaani theluthi mbili za sentimita: kila namba ni mm 6.67. Mguu unahitaji nafasi mbele ya kidole kirefu, kwa kawaida mm 10 hadi 15 kwa buti la kuvuta. Baharia alipimwa jioni, baada ya kazi, akiwa amesimama kwa miguu yote miwili juu ya karatasi, amevaa soksi ya sufu, kalamu imeshikwa wima. Mguu wake mrefu zaidi ulikuwa mm 262. Ongeza 12, unapata 274. Gawanya kwa 6.67, unapata 41. Namba 43 ina urefu wa mm 287 hivi. Alikuwa na nafasi ya mm 25 mbele ya vidole, mara mbili ya inayotakiwa.

Watu huona buti kubwa kama salama kuliko buti dogo, na kwa maumivu ni kweli. Kwa uhai wa buti ni kinyume. Buti limetengenezwa likunjike mahali pamoja, chini ya fundo la vidole. Mguu mfupi unajikunja nyuma ya mahali hapo, pale ngozi na soli zinapotakiwa kukaa ngumu, na mkunjo unaingia ndani kama pembe badala ya kupinda taratibu. Utando unachoka kwenye pembe hiyo hadi unapasuka. Ndiyo doa la buti la kulia. Kisigino nacho hakishikwi: kinapanda na kushuka kila hatua, kinasugua kitambaa, kitambaa kinatoboka, zamu ya utando inafuata. Mabuti yote mawili yalikuwa na kitambaa kilichotoboka nyuma ya kisigino kwa upana wa kidole gumba. La kushoto lilikuwa limekwisha kula na utando.

Soli ya kushoto ilifunguka kwa sababu nyingine. Baharia alikuwa akikaushia mabuti kando ya mbabula, jiko la makaa. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromu inavumilia joto, hata ikiwa imelowa haisinyai hadi karibu na nyuzi 100. Ndiyo maana mtu anaangalia ngozi, anaona nzima, anadhani hakuna kilichoharibika. Lakini gundi nyingi za neopreni zinazoshika soli huanza kulegea kwenye nyuzi 60 na kuendelea, na fundi mwenyewe hutumia joto hilo anapotaka kubandua soli kwa makusudi. Mbabula ililegeza gundi ya mbele, kazi ya kupiga goti kwenye omo, mbele ya boti, na kukunja vidole vya kushoto ikafungua mdomo, na mshono wa nailoni ukaja kama tiba.

"Papa fundi, kwa hiyo nimenunua bure?"

"Hapana, mdogo wangu. Umenunulia mguu wa mtu mwingine."

Namba moja ya ziada inaweza kurekebishwa. Soli ya ndani ya mm 4 inajaza kimo, na kipande cha nusu soli chini ya tao la wayo kinasukuma mguu juu hadi ushikwe na ngozi ya mgongo wa mguu, ambapo ndipo mahali pekee buti la kuvuta linaposhika. Namba mbili hazirekebishiki. Vitambaa na soli za ndani zinapunguza upana na kimo, urefu hazigusi, na mahali pa kukunja panabaki pale pale. Uamuzi ukawa kuyatengeneza mabuti na kuyapeleka kwa mwenzake wa boti hilo hilo, mguu mm 274, ambao ukiongezewa 12 unafika 286, namba 43 kamili. Mwenye mabuti alikubali bila furaha.

Kazi iliyofanyika

Uzi wa nailoni ulitolewa kwanza: kila mshono wa tatu ulikatwa kwa nje, vipande vikavutwa kwa koleo. Kuvuta uzi mrefu kwa nguvu kunapanua tundu. Baada ya hapo soli ilifunguka yenyewe kutoka mbele hadi nusu ya tao, na iliachwa hivyo, haikubanduliwa kisiginoni ambako gundi ya kiwanda bado ilishika. Kubandua kinachoshika ili tu kazi ionekane imekamilika ni tabia mbaya ya ufundi.

Gundi ya zamani ilikwanguliwa. Mpira wa soli ulisuguliwa kwa msasa namba 80 hadi mng'aro wote ukapotea, na ngozi ikasuguliwa uso wake katika ukanda wa mm 10 tu, ule unaofunikwa na soli; gundi haishiki kwenye uso laini wa ngozi, inashika kwenye nyuzi. Vumbi lilifutwa kwa kitambaa kikavu. Ngozi ilipakwa gundi ya neopreni mkono mwembamba, ikaachwa dakika 20, ikapakwa mkono wa pili. Mpira ulipakwa mara moja. Kisha kusubiri hadi kidole kikigusa kisinate. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia Goma wakati wa mvua: dawa inayoyeyusha gundi inapogeuka mvuke hupoza uso wa gundi, unyevu wa hewani unatua juu yake, unaona weupe kama ukungu, na gundi hiyo itafunguka ndani ya wiki. Kibanda kikiwa wazi na mvua inanyesha, usibandike. Subiri, au pasha pande zote mbili kwa hewa moto hadi weupe uondoke.

Pande zilipashwa kidogo, zikakutanishwa kuanzia kwenye ncha ya vidole kurudi nyuma, zikagongwa kwa nyundo, kisha buti likafungwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu, ukizungushwa kwa nguvu, saa 24.

Matundu yalizibwa kutoka pande mbili. Ndani, kuzunguka wayo, ulipakwa ukanda wa milimita 15 wa gundi laini ya poliuretani, ikisukumwa kwa kidole hadi izame kwenye kitambaa na kufika kwenye utando. Nje, kila tundu lilijazwa gundi hiyo hiyo kwa kijiti cha meno. Gundi iliyotumika ni ile inayobandika vioo vya mbele vya magari; magereji ya mjini wanayo, inabaki laini ikikauka, na inakaushwa na unyevu wa hewa, mm 3 hivi kwa siku. Silikoni ya bafuni haifai: inabanduka, na mahali ilipopita hakuna gundi nyingine itakayoshika. Gundi ya kukauka mara moja, ile ya chupa ndogo, inakuwa ngumu kama kioo na kukata ngozi pembeni yake.

Ukanda huo haupumui tena. Jasho la upande wa chini halitapita hapo, lakini lilikuwa linapita kidogo sana hapo tangu mwanzo, kwa kuwa nje yake kuna mpira.

Visigino vilipewa viraka vya ngozi ya mbuzi ya unene wa mm 1, sm 9 kwa 7, kingo zikanyolewa hadi kuwa nyembamba kama karatasi ili zisikwaruze, uso laini ukielekea kwenye soksi. Viraka vilibandikwa, havikushonwa. La kushoto lilitiwa poliuretani kwanza juu ya tundu la utando.

Ule mkunjo wa buti la kulia haukuzibwa. Kiraka cha ndani mahali panapokunja huvimba, huchubua vidole, na hupasua utando pembeni mwa kiraka. Mguu wa mm 274 utakunja mbele kidogo ya pale, mkunjo wa zamani utapumzika, na ngozi ya juu ikilishwa vizuri itazuia maji mengi yasifike kwenye doa. Mtu wa pili alielezwa hivyo waziwazi: buti la kulia si la kusimama kwenye maji ya sm 10 kwa saa nzima.

Baada ya siku tatu karai lilirudiwa. Kushoto, maji sm 4 kwa dakika 30, kavu. Kwa kulikunja, nukta moja ya unyevu karibu na tao. Tundu moja lilikuwa limerukwa. Likazibwa, likapimwa tena, kavu.

Soli na sitaha yenye mazutu (dizeli)

Mikato myembamba ya soli ndiyo inayofukuza maji chini ya mguu. Inasemekana Mmarekani Paul Sperry aliipata kwa kumwangalia mbwa wake akikimbia kwenye barafu bila kuteleza, na kiatu chake cha mwaka 1935 ndicho kilichoanzisha desturi hii. Mikato hufunguka mguu unapokanyaga, maji yanapanda humo, mpira unagusa sitaha. Katika mabuti haya ilizibwa na magamba ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na mchanga mweusi, na chini ya vidole ilikuwa imekwisha kabisa.

Sababu ya kwisha ni mawe ya Goma. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ya Januari 2002 na ya zamani zaidi, na lava iliyovunjika inakata kama chupa. Soli ya sitaha ni laini kwa makusudi. Ukiivaa kutoka nyumbani hadi bandarini kila siku, unaisaga kwa miezi. Mabuti yabebwe mkononi, miguuni iwe sandali, yavaliwe ukishapanda.

Mikato ilisafishwa kwa ncha ya kisu. Mbele, mipya ilichongwa kwa wembe uliochovywa maji ya sabuni: kukata upana wa soli, mawimbimawimbi, umbali wa mm 4, kina mm 2, kwa kuwa mpira uliobaki ulikuwa mm 5 na mkato usivuke nusu yake. Mazutu yakimwagika sitahani, soli isuguliwe kwa sabuni siku hiyo hiyo. Mpira unaokaa na mafuta ya petroli unavimba, unakuwa laini kupita kiasi, na mikato inafumba.

Maji ya Kivu, mafuta na kukausha

Maelekezo ya viwandani yanasema suuza mabuti kwa maji baridi kila baada ya safari. Yameandikwa kwa ajili ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kivu ina gramu 1 hivi. Chumvi si adui hapa. Lakini maji yake ya juu yana magadi, pH yake ni kama 9, na ngozi kwa asili yake ni ya asidi kidogo, kati ya 3.5 na 5. Yakikaukia mara kwa mara kwenye ngozi yanaacha weupe na kuifanya ngumu. Na maji ya bomba ya Goma yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, kwa hiyo kusuuza kwa bomba si kubadilisha maji. Tumia ya mvua. Weupe ukionekana, sehemu 1 ya siki kwa 3 za maji ya mvua, kwa kitambaa, kisha futa kwa maji matupu. Sabuni ya unga isiguse kabisa; ni kali zaidi ya ziwa na inatoa mafuta ya ngozi.

Kukausha ni kivulini penye upepo, buti limelazwa ubavu, magazeti ndani, yabadilishwe baada ya saa 1 na tena baada ya saa 3. Usiku mmoja hautoshi, siku mbili zinatosha. Mwenye safari za kila siku anahitaji kubadilishana na buti la mpira, hakuna njia ya mkato.

Kisha mafuta. Mawese yanapatikana kila nyumba na yanaifanya ngozi ing'ae jioni ile; baada ya wiki mbili yananuka na kuota kuvu. Oili chafu ya injini inaozesha nyuzi za mshono. Kinachotakiwa ni krimu ya ngozi, kiasi cha punje mbili za harage kwa buti moja, ikisuguliwa kwa vidole ngozi ikiwa na unyevu kidogo, mara moja kwa mwezi. Nta kidogo ya nyuki juu ya mishono tu. Ukipaka nta nene buti zima, utando utafunikwa nje na jasho litabaki ndani, na mtu atarudi kusema buti linavuja.

Sokoni, kabla ya kulipa

Mengi ya haya yangeonekana pale pale kwenye meza ya mitumba kwa dakika tano. Toa soli ya ndani na uingize mkono hadi kisiginoni: kitambaa kilichotoboka kinahisiwa kabla ya kuonekana. Tafuta mshono wowote wa mkono kwenye soli. Ukiuona, bei ni ya buti lisilozuia maji. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli: mpira unarudi, poliuretani iliyozeeka inaacha shimo au inamomonyoka, na hiyo haibandikiki kwa gundi yoyote, maana kinachovunjika ni soli yenyewe. Sugua soli kwenye karatasi nyeupe: mstari mweusi unaonyesha si soli ya sitaha. Namba ikiwa ya Kiingereza, kumbuka hatua yake ni mm 8.5 hivi, si 6.67, 9 ya Kiingereza ni karibu na 43.

Kisha kaa na ujaribu kulivua kwa kulikanyaga kisigino kwa mguu mwingine, bila mikono. Litoke kwa kuvuta mara mbili. Lisilotoka hivyo halifai kwa mtu anayeweza kuanguka majini akihitaji miguu ya kuogelea, na linalotoka lenyewe unapotembea litabaki gatini siku utakaporuka na kamba.

Baharia wa kwanza aliondoka na mabuti ya mpira namba 42, soli ya ndani ya sufu ya mm 6, na karatasi yenye mchoro wa mguu wake na namba mm 262 imeandikwa juu, ya kwenda nayo sokoni yakitokea ya ngozi ya 41. Wa pili aliambiwa alete la kushoto baada ya mwezi, kiraka cha kisigino kikaguliwe kingo kabla hakijaanza kujikunja.